Sura ya Saba: Mfuko wa Maji na Moyo Mzito

Mwezi Januari 1991, jijini New York, mzee wa miaka 65 aliyestaafu kazi ya matangazo ya biashara aligombana na mkewe nyumbani kwao. Alimkaba koo hadi akafa, kisha akamtupa nje kupitia dirisha la ghorofa ya 12 ili watu wadhani mama huyo amejirusha mwenyewe. Polisi walimkamata akiwa anaondoka. Hakuwa na historia ya ukatili. Mawakili wake wakampeleka kupigwa picha za ubongo, na MRI ikaibua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: upande wa kushoto, mbele, palikuwa na kifuko cha maji kikubwa kama chungwa, kimeusukuma ubongo pembeni. Kipimo kingine, cha PET, ambacho huonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari, kikaonyesha kwamba sehemu iliyopakana na kifuko hicho ilikuwa ikifanya kazi kwa unyonge.

Utetezi ukadai kwamba aliyeua si mzee yule bali ubongo uliobanwa. Oktoba 1992, Jaji Richard Carruthers alikubali picha hizo ziingie mahakamani, lakini akaweka mpaka: mashahidi wasiliambie baraza la wazee wa mahakama kwamba kifuko cha aina ile husababisha ukatili moja kwa moja, kwa kuwa sayansi haikuwa imefika hapo. Hatimaye upande wa mashtaka ulikubali akiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21. Katika mijadala ya sheria na elimu ya ubongo kesi hiyo hutajwa kwa jina la Weinstein, na mpaka leo wanazuoni wanaijadili.

Mpaka aliouweka jaji ndio ninaotaka msomaji aushike katika sura hii yote. Kuonekana kwa kifuko ni jambo moja. Kukitia hatiani ni jambo jingine, nalo linahitaji ushahidi wake. Vifuko vya aina ile kwa kawaida huanza mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kama ndivyo, mzee yule aliishi na chake kwa zaidi ya miongo sita bila kumdhuru mtu, na swali gumu likawa ni nini kilichobadilika siku ile ya Januari. Na niseme mapema ili asibaki mtu na hofu: wenye vifuko hivi si watu wa hatari. Kesi ile imekuwa maarufu kwa sababu ni vigumu kupata nyingine ya kufanana nayo.

Wanaouliza kuhusu vifuko na akili mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kumgusa mtu. Ni mwalimu wa sekondari ambaye kwa miezi halali usiku. Ni mama ambaye machozi humtoka akiwa jikoni bila kujua analilia nini. Ameumwa kichwa, ametumia dawa za malaria na za vidonda vya tumbo, amepelekwa kuombewa, na mwishowe ndugu wamechanga fedha za MRI. Anatoka hospitalini na bahasha kubwa na karatasi ya majibu iliyojaa maneno ya kitaalamu. Daktari amemweleza kwa ufupi: kuna kifuko cha maji, si saratani, usiwe na wasiwasi. Njiani anajiuliza: kama hakina neno, mbona mimi siko sawa?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mtu mwenye sonona katika jamii zetu hubeba ugonjwa na lawama kwa wakati mmoja. Ataambiwa ni mvivu, hana shukrani, imani yake imelegea, amerogwa, ana jini, anajitakia mwenyewe kwa kuwaza sana. Hana jeraha la kuwaonyesha watu. Sasa amepata picha yenye doa, na doa hilo linamtetea mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, mbele ya mwajiri: jamani tazameni, nilikuwa naumwa kweli. Naelewa kabisa kwa nini mtu angetamani kifuko kiwe ndicho chanzo. Lakini sonona ni ugonjwa kamili hata pale picha ya ubongo inapokuwa safi, na mgonjwa hapaswi kusubiri doa ndipo aaminiwe. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wazuri wakiteseka kwa kulitafuta doa, na wengine wakiteseka baada ya kulipata.

Ubongo hauligusi fuvu. Umezungukwa na tando tatu na unaelea ndani ya ugiligili, maji maangavu ambayo kwa mtu mzima hufikia kama mililita 150 kwa wakati mmoja. Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku na kuyafyonza tena, kwa hiyo yanabadilishwa mara kadhaa kati ya alfajiri na alfajiri. Utando wa katikati, ulio mwembamba sana, huitwa araknoidi. Mtoto akiwa bado anaumbika tumboni, utando huo huweza kuachana kama tabaka mbili, maji yakakusanyika katikati, na hapo kifuko kimezaliwa. Richard Bright, daktari wa London, alivieleza vifuko hivi mwaka 1831, zaidi ya karne moja kabla ya kuwepo mashine ya kuvipiga picha. Ndani yake hamna usaha wala nyama. Ni maji yaleyale yanayouzunguka ubongo.

Lakini kusema si saratani hakumaanishi kwamba hakiwezi kudhuru. Fuvu la mtu mzima ni debe lililofungwa: kikiongezeka kitu kimoja ndani, kingine lazima kipungue au kibanwe. Kifuko kilichokuwepo tangu utotoni mara nyingi hupewa nafasi na ubongo unaokua ukikizunguka, wala hakimbani mtu. Kifuko kinachokua ukubwani, au kinachoziba njia ya ugiligili, hakina nafasi ya kupewa.

Je, vifuko hivi ni vya nadra? Hapana. Watafiti wa Michigan, Marekani, walipitia picha za MRI za watu wazima 48,417 na kuchapisha matokeo mwaka 2013: watu 14 kati ya kila 1,000 walikuwa na kifuko cha araknoidi, na kati ya hao wenye vifuko ni kama 5 tu katika kila 100 waliokuwa na dalili zilizohusishwa nacho. Huko Rotterdam, Uholanzi, wakazi 2,000 wa kawaida walipigwa MRI bila ya kuwa wagonjwa, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 akakutwa nacho. Mwalimu mkuu wa shule yenye wanafunzi na walimu elfu moja anaweza kuwa anasimama kila asubuhi mbele ya watu kumi au zaidi wenye vifuko, na wote hawana habari.

Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba watu milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na sonona, yaani karibu 4 katika kila 100. Chukua mji wa watu wazima 100,000. Kwa kiwango cha Michigan, 1,400 wana kifuko. Hata kama kifuko hakina uhusiano wowote na huzuni, 56 kati ya hao watakuwa na sonona pia, kwa sababu tu sonona ni ya watu wengi. Kila mmoja wa hao 56, akipigwa picha, ataona vitu viwili vimekutana kichwani mwake na ataviunganisha. Na nani angemlaumu? Akili ya binadamu haipendi mambo mawili yaliyokaa pamoja bila undugu.

Njia ya kujua kama undugu upo ni kuwapima wenye kifuko na wasio nacho, kisha kuwalinganisha. Hilo lilifanyika Gothenburg, Sweden, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watafiti hawakuwafuata wagonjwa kliniki, waliwapima zaidi ya wazee 1,200 waliochukuliwa kutoka kwa wakazi wa kawaida wa mji. Asilimia 2.3 walikuwa na kifuko. Wenye kifuko hawakuwa na sonona zaidi ya wenzao, wala maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kifafa au kupungukiwa akili kwa uzee. Kwa mtu mwenye kifuko aliyekesha akihofu, sijui habari njema kuliko hiyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na madaktari wengi huishia hapo. Lakini wastani huweza kumficha mtu mmoja mwenye tatizo la kweli katikati ya ishirini wasio nalo. Bergen, nchini Norway, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Knut Wester ametumia miongo kadhaa kuwasikiliza wagonjwa ambao wengine waliwaambia hawana kitu. Mwaka 1995 yeye na mwanasaikolojia Kenneth Hugdahl walichapisha matokeo ya kuwapima watu wenye kifuko upande wa kushoto, karibu na sikio, eneo linalohusika na lugha. Katika kipimo chao, mgonjwa huvaa vipokea sauti na kusikia silabi tofauti katika kila sikio kwa wakati mmoja, kisha hueleza amesikia nini. Kabla ya upasuaji uwezo wa wagonjwa hao kusikia na kukumbuka maneno ulikuwa umepungua. Baada ya kifuko kupunguziwa maji, ukaboreka, tena kwa haraka. Kundi lile lile la Bergen baadaye likaripoti kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji walijieleza kuwa na maisha yenye nafuu kuliko mwanzo.

Tafiti hizo naziheshimu, ila zina udhaifu wake. Waliopasuliwa walikuwa wagonjwa waliokuja na malalamiko, hawakuwa watu wa kawaida wa mtaani, na mtu aliyepasuliwa kichwa hutegemea sana kupona, tumaini ambalo peke yake huinua moyo kwa muda. Hata hivyo kipimo cha silabi si rahisi kudanganywa na tumaini. Kwa maoni yangu Gothenburg na Bergen hazipingani. Moja inajibu kuhusu wenye vifuko kwa ujumla, nyingine inajibu kuhusu wachache ambao vifuko vyao vinabana. Kosa ni kuchukua jibu la kundi moja na kumpa mtu wa kundi la pili.

Kwa hiyo swali linakuwa: kiko wapi, na kinafanya nini hapo kilipo?

Kikiwa katika ubongo wa pembeni, karibu na sikio, jambo la kuchunguza kwanza ni kifafa, na sizungumzii kifafa cha kuanguka na kutoa povu pekee. Kuna kifafa kinachoanzia eneo hilo ambacho mtu haanguki kabisa. Hofu kali inamshukia ghafla bila sababu, tumbo linapanda kifuani, anasikia harufu ambayo wenzake hawaisikii, au anahisi kwamba tukio hili amekwisha kuliishi zamani. Hudumu dakika moja au mbili, anakodoa macho, anatafunatafuna, kisha anarudi akiwa amechoka na hakumbuki vizuri. Watu wengi wa aina hii wamepelekwa kwa waganga na kwenye maombi wakidhaniwa wana majini. Wengine wameandikiwa ugonjwa wa wasiwasi na kutibiwa kwa miaka. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, pamoja na maelezo ya ndugu aliyeshuhudia, au hata video fupi ya simu, husaidia kuliko picha ya kifuko yenyewe, kwa sababu kifuko huweza kuwa upande mmoja na kifafa kikaanzia upande mwingine. Na wenye kifafa cha muda mrefu hupatwa na sonona zaidi ya watu wengine. Dawa nazo zina sehemu yake: fenobabitali, ambayo hutumika sana kwetu kwa kuwa ni nafuu, huweza kuzidisha huzuni, na levetirasetamu huwafanya baadhi ya watu kuwa na hasira za karibu. Mgonjwa aliyebadilika tabia baada ya kuanza dawa amwambie daktari, asiache dawa kimyakimya.

Kuna kifuko kingine kinachostahili kuogopwa ingawa ni kidogo. Hukaa katikati kabisa ya ubongo, katika chemba ya tatu ya ugiligili, na ndani yake mna ute mzito badala ya maji. Huitwa kifuko cha koloidi. Sentimita moja na nusu inatosha kuleta maafa, kwa sababu kimeketi mlangoni, pale ugiligili unapopita kutoka chemba za juu. Kikiziba, maji hujaa na kichwa huuma kwa ghafla, pengine mtu akiinama au akibadili mkao, na hutokea mtu akafariki ndani ya saa chache. Kando yake hupita fungu la nyuzi za ubongo linalohusika na kumbukumbu. Ndiyo maana mgonjwa wa kifuko hiki anaweza kuanza kwa kusahau, kupoa, kutojali watu aliowapenda, na familia ikadhani ni sonona au ni uzee. Mwaka 1921 Walter Dandy, daktari wa Marekani, alifanikiwa kukitoa kimoja kwa upasuaji akiwa na vifaa vya zama zile.

Nyuma ya pua, chini ya ubongo, imening'inia tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, nayo huamuru tezi nyingine za mwili. Kati ya sehemu zake mbili huweza kubaki kijifuko kinachoitwa cha Rathke, mabaki ya maumbile ya tangu tumboni. Wengi huzeeka nacho salama. Kikikua na kuibana tezi, homoni hupungua: ile ya tezi ya koo, ile ya kotisoli, zile za uzazi. Mtu huchoka mchana kutwa, hamu ya tendo la ndoa inaisha, hedhi inakatika au maziwa yanatoka kwa mwanamke asiyenyonyesha, baridi inamwonea, moyo unazama. Huyu anaweza kumeza dawa za sonona mwaka mzima asipate nafuu, kwa sababu kinachokosekana ni homoni. Naupenda sana mfano huu kwa sababu hapa uhusiano wa kifuko na huzuni hauhitaji kubishaniwa. Damu ya mgonjwa inapimwa, upungufu unaonekana, homoni inarudishwa kwa kidonge, na mara nyingi mtu hurudi kuwa yeye. Kama kuna kifuko karibu na tezi hiyo na mgonjwa ana huzuni, vipimo vya damu vinapaswa kuja kabla ya mjadala wowote wa saikolojia.

Kile cha tezi ya pineali, inayotengeneza homoni ya usingizi, nitakipita haraka. Ni cha kawaida mno, hasa kwa wanawake vijana, na kwa wengi sana hakina athari yoyote.

Cha kisogoni kinahitaji maneno machache zaidi. Ubongo wa nyuma ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa kazi yake ni kumsaidia mtu kutembea bila kuyumba, basi. Mwaka 1998, huko Boston, Jeremy Schmahmann na Janet Sherman walieleza wagonjwa 20 wenye maradhi ya sehemu hiyo, ambao pamoja na kuyumba walikuwa wamebadilika hulka: wengine hisia zimefifia, wengine wamekosa staha na kutenda kitoto, wengine wameshindwa kupanga mambo. Hawakuwa wagonjwa wa vifuko, lakini walitufundisha kwamba sehemu hiyo inashiriki katika kuongoza hisia. Mwenye kifuko kikubwa kisogoni aliyebadilika tabia sambamba na kuyumba kwa miguu anastahili kusikilizwa.

Kwetu Afrika Mashariki sura hii isingekamilika bila vifuko vya aina nyingine kabisa, ambavyo mtu hazaliwi navyo. Ni vya mnyoo tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi, tegu hukua tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mpaka hapo ubongo hauko hatarini. Hatari inaanza pale mtu yeyote anapomeza mayai hayo kupitia maji, mboga au mikono isiyonawiwa. Mayai huanguliwa, viluwiluwi hupita kwenye damu na kujenga vifuko ubongoni. Tafsiri yake ni kwamba asiyekula kitimoto hajakingwa. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti ugonjwa huu kwa Wayahudi wa Orthodoksi, watu ambao dini yao inakataza nguruwe, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka maeneo yenye tegu. Kwa Mwislamu wa Tanga au wa Mombasa jambo hilo lina maana ileile.

Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo ambako tegu amezoeleka, asilimia 30 ya kifafa huhusishwa naye. Nchini Tanzania utafiti wa muda mrefu umefanyika Mbulu na katika nyanda za juu kusini, ambako nguruwe huachwa wakizurura na vyoo ni vichache, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekuwa mstari wa mbele. Na hali ya moyo? Nchini Brazil, mwaka 1997, wagonjwa 38 wa vifuko hivi walichunguzwa kwa makini: zaidi ya nusu walikuwa na sonona, na karibu mmoja katika saba alikuwa na dalili za kupoteza uhalisia. Hapa sina kigugumizi. Vifuko vya tegu, vikiwa vingi na ubongo ukivimba kuvizunguka, huvuruga akili. Jambo moja la tahadhari: dawa zake ni albendazo na prazikwanteli, ambazo watu wanazijua kama dawa za minyoo na za kichocho. Mtu mwenye vifuko kichwani asizinunue dukani akajitibu. Viluwiluwi vikifa kwa pamoja, ubongo huvimba na degedege hufuata, ndiyo sababu hospitalini hutanguliza dawa za kuzuia uvimbe.

Tuseme sasa yule mama mwenye bahasha amefika kwa daktari anayejua kusikiliza.

"Daktari, hiki ndicho kinachoniliza?"

"Mama, kabla sijajibu, niambie. Kulia kulianza lini? Na kichwa, kinauma zaidi ukiamka asubuhi au jioni?"

Daktari anauliza kuhusu kutapika alfajiri, macho kuona ukungu, miguu kuyumba, mkojo kutoka bila kujua, vipindi vya kupotewa na fahamu. Anamuuliza dada aliyemsindikiza kama hulka imebadilika. Sonona iliyoanza baada ya msiba wa mtoto ina historia yake, na kifuko kilichokuwepo tangu kuzaliwa hakiwezi kuinyang'anya. Lakini mzee wa miaka 60 ambaye hajawahi kuugua akili, na sasa ndani ya wiki tatu amekuwa mtu mwingine, huyo apigwe picha haraka, awe amefiwa au hajafiwa.

Ikithibitika kwamba kifuko kinabana, upasuaji upo. Siku hizi mara nyingi hupitishwa kamera nyembamba kupitia tundu dogo la fuvu, na dirisha likafunguliwa ukutani mwa kifuko ili maji yake yaungane na mkondo wa kawaida. Kazi ya kamera hiyo kanda yetu inaijua vizuri: hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2001, ilijulikana duniani pale daktari Benjamin Warf alipowatibu watoto wenye vichwa vikubwa kwa kuwafungulia njia ya ugiligili badala ya kuwawekea mrija. Hata hivyo upasuaji wa ubongo una kutoka damu, una maambukizi, una maji kukusanyika upya. Kumpasua mtu kwa ajili ya sonona peke yake, bila dalili ya mbano, bila kifafa, bila homoni kupungua, ni jambo ambalo ningemwomba ndugu yangu alikatae na atafute daktari wa pili.

Kwa walio wengi kinachofuata ni kusubiri kwa utulivu. Katika ule utafiti wa Michigan, vifuko 213 vilifuatiliwa kwa karibu miaka minne kwa wastani. Vifuko 206 vilibaki vilevile, 5 viliongezeka na 2 vikapungua. Picha nyingine baada ya miezi sita au mwaka kwa kawaida inatosha kumtuliza mgonjwa na daktari wake. Kurudia MRI kila inapokuja hofu hakumtulizi mtu, na humlia fedha za karo.

Sonona yenyewe haisubiri picha hiyo ya mwakani. Inatibiwa leo, kifuko kiwe na hatia au kisiwe nayo, na mtu anayefikiria kujiua aende hospitali siku hiyohiyo. Mazungumzo ya tiba yanafanya kazi kwa mwenye kifuko kama kwa mwingine. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili zikipungua waziwazi. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Dawa nazo zinafaa, kwa tahadhari moja inayohusu kifuko kweli: mwenye kifafa amtaarifu daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona, bupropioni mojawapo, na amitriptilini kwa dozi kubwa, hurahisisha degedege. Fluoksetini mara nyingi huchaguliwa badala yake. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali kichefuchefu na kukosa usingizi vinaweza kuja katika wiki ya kwanza. Wengi huacha dawa hapo, wakisema imegoma kwa sababu ya kifuko. Hiyo ndiyo wiki ambayo dada aliyemsindikiza anatakiwa kulala nyumbani kwake.